Kinyozi, Mama Mkwe na Fumbo la Gazeti

Mtu akikuelekeza saluni ya Baba Pacha hakuwa na haja ya kukutajia rangi ya mlango. Alikwambia tu kwamba ukisikia watu wanacheka na mashine ya kunyolea imezimwa, umefika. Mashine ilizimwa kwa sababu mwenyewe hakuweza kunyoa na kusimulia kwa wakati mmoja. Akifika mahali patamu, mkono ulisimama hewani, na mteja akabaki kwenye kioo na kichwa nusu shamba, nusu uwanja. Waliomjua walizoea. Waliokuwa na haraka walikwenda kwa kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye alinyoa vizuri na hakuwa na la kusema.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Palikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja kilikuwa kimekataa kuzunguka, rafu ya vitana, chupa ya spiriti na mkebe wa poda. Ukutani, kuanzia mlangoni hadi kwenye beseni, lilipangwa benchi la mbao. Benchi hilo lilikalisha watu wengi kuliko vichwa vilivyohitaji kunyolewa. Fundi saa wa duka la jirani, kwa mfano, alikuwa na upara unaong'aa kama sahani, hakuwa na unywele hata wa dawa, lakini hakukosa asubuhi hata moja.

Kilichowaleta ni fumbo la gazeti. Kila siku, kabla hajafungua, Baba Pacha alinunua gazeti, akazipita kurasa za siasa na za mpira kama mtu anayepita mlango wa jirani aliyenuniana naye, akatua kwenye ukurasa wa chemshabongo. Pale palikuwa na vile visanduku vyeupe na vyeusi, na maneno ya kujazwa, mengine kwa mlalo, mengine kwa wima. Mtunzi wa gazeti lile alikuwa na ujanja wake. Maneno marefu ya fumbo la siku yote yalikuwa na jambo moja linaloyaunganisha, na katikati akaweka neno moja la kuonjesha jambo hilo. Hiyo ndiyo iliitwa mada ya leo. Kesho yake gazeti lilitoa majibu, kwa herufi ndogo kama sisimizi, pembeni mwa ukurasa. Ila halikutoa maelezo. Kwa nini maneno yale na si mengine, hilo kila msomaji alijua mwenyewe na moyo wake.

Kujaza visanduku, Baba Pacha alikuwa bingwa. Alipenda maneno tangu shuleni, akajua majina ya ndege, ya miti, ya vyombo vya seremala na ya sehemu za baiskeli. Kalamu ilipita gazetini kama mashine inavyopita kisogoni. Taabu ilikuwa mada. Mada ilimpiga chenga kila siku. Na kwa kuwa hakupenda kubaki na maneno yasiyo na sababu, aliyatafutia sababu mwenyewe, akayaunganisha moja baada ya jingine mpaka yakawa kisa. Hakuwa mwongo. Aliamini kila alichokieleza, na benchi zima liliamini naye, au angalau lilifurahi sana, jambo ambalo saa nne asubuhi halina tofauti kubwa na kuamini.

Mke wake alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Walikuwa na binti wawili pacha, ndiyo asili ya majina yao, Baba Pacha na Mama Pacha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na amani yake haikuwa na kasoro mpaka siku mama mzazi wa nesi alipoteleza bafuni kwake, mbali huko anakoishi, akavunjika mguu. Alikuwa mkunga mstaafu, anaishi peke yake kwa hiari yake, na hakutaka kuhama. Lakini mguu ulikuwa kwenye plasta mpaka juu ya goti, na binti yake hakumpa nafasi ya kubisha. Akaletwa, akawekwa kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya kigoda.

Sasa, mkwe ni mkwe. Baba Pacha alimheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba hakujua amfanye nini. Kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe alikohoa mlangoni. Akiingia alisema, "Shikamoo Mama." Naye alijibu, "Marahaba baba, za kazi?" "Nzuri, Mama. Mguu unaendeleaje?" "Unaendelea, baba." Hapo mazungumzo yalifika mwisho wa njia. Wote wawili waligeuka kuitazama redio, hata kama imezimwa. Kisha Baba Pacha alikumbuka jambo la kufanya nje, akaenda kukaa kwenye ngazi ya uani, kati ya ndoo za kufulia, na gazeti lake. Mke wake alisema nyumba imegeuka kama chumba cha kusubiria daktari. Alijaribu kuwachokoza waongee, akashindwa. Kila mmoja kwa upande wake alimwambia kwamba hana neno na mwenzake, anamheshimu tu.

Basi siku moja fumbo lilikuja na maneno marefu manne, yote ya herufi nane: PIKIPIKI, BARABARA, POLEPOLE, PILIPILI. Katikati palikuwa na neno la herufi tano, na kidokezo chake kilisema, "Waliozaliwa pamoja." Baba Pacha alilijaza bila hata kuinua kichwa: PACHA.

Maelezo aliyoyatoa saluni siku ile yalisemwa mtaani kwa muda mrefu. Alieleza kwamba mtunzi wa fumbo anazungumzia ajali. Ukipanda pikipiki, ukiingia barabara kuu, nenda polepole, la sivyo utakiona cha moto, ndiyo pilipili. Na pacha je? akauliza fundi saa. Baba Pacha akazima mashine. Pacha, alisema, ni abiria wawili wanaobebwa nyuma kwa mpigo, na hapo ndipo hatari inapozaliwa. Kwenye kiti alikuwa ameketi dereva wa pikipiki, povu limemjaa kidevuni, na jana yake tu alikuwa amebeba abiria wawili na godoro. Alisikiliza, macho kwenye kioo. Tangu siku hiyo alibeba mtu mmoja mmoja, na aliendesha kwa utulivu mpaka wenye baiskeli wakawa wanampigia kengele awapishe.

Jioni, mezani, Baba Pacha alimsimulia mke wake kisa chote, kwa fahari, maana ilikuwa kazi nzuri. Mama mkwe alikuwa kochini anakunja nguo za wajukuu. Simulizi ilipokwisha, akaweka chini gauni alilolishika.

"Baba," alisema, "samahani nikiwaingilia mazungumzo yenu."

"Hapana, Mama. Karibu."

"Hayo maneno. Piki na piki. Bara na bara. Pole na pole. Pili na pili. Si pacha hayo?"

Binti wawili walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza, vijiko vimeinuliwa sawasawa, wanamtazama baba yao. Nesi aliwatazama wao, akamtazama mume wake, akaiweka chini glasi ya maji kwa sababu alijua kitakachofuata. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Na mimi ndiye Baba Pacha," mume wake alisema taratibu, kama mtu anayejitambulisha mahakamani.

"Ndiyo maana nilishangaa kidogo," mama mkwe alisema, akalichukua tena lile gauni.

Baba Pacha alimaliza kula. Iliuma. Lakini asubuhi, akiwa anapiga mswaki uani, maneno yale yalimrudia, piki na piki, bara na bara, akajikuta anacheka peke yake na povu la dawa mdomoni. Alisukutua, akaingia sebuleni moja kwa moja, akasahau kukohoa. Alimwamkia mama mkwe, akamuuliza alijuaje.

"Nimezalisha pacha wengi, baba," alimjibu. "Mtoto akishatoka na tumbo bado halijashuka, unajua kuna mwingine ndani. Neno nililisikia limeshatoka, nikaona bado kuna jingine ndani yake. Ni hilo tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kuzungumza bila redio kuwasimamia.

Jioni ile Baba Pacha hakwenda uani. Alivuta kiti hadi karibu na kochi, si karibu sana, akamuuliza mama mkwe kama angependa kusikia fumbo la siku. Mama mkwe alisema kusoma herufi zile hawezi, macho yake yanaziona kama uji, lakini masikio anayo. Basi ikawa hivyo. Yeye anasoma, mama mkwe anasikiliza amefumba macho. Anapomaliza, kwanza anatoa maelezo yake mwenyewe, maana hakuweza kujizuia, halafu anangoja.

Siku moja maneno marefu, kutoka juu ya fumbo kushuka chini, yalikuwa KICHWA CHA HABARI, MDOMO WA CHUPA, MENO YA MSUMENO na MGUU WA MEZA. Neno la katikati lilikuwa SHUKA, na kidokezo chake kilisema, "Ya kitandani, au teremka." Baba Pacha alieleza bila wasiwasi. Ni seremala, alisema. Amekunywa chupa kazini, akashika msumeno, akakata mguu wa meza ya mteja, habari ikafika gazetini, naye kwa aibu amejilaza amejifunika shuka gubigubi.

Mama mkwe alifumbua macho. Alimwomba airudie, taratibu, hasa pale seremala anapokata mguu wa meza. Aliposikia mara ya pili mabega yalimtikisika.

"Hiyo ni nzuri," alisema. "Namwona kabisa na shuka lake. Lakini tazama, baba. Kichwa, mdomo, meno, mguu. Huyu anashuka. Anakuja kama anavyotakiwa, kichwa kwanza."

Baba Pacha alilitazama gazeti, akajipiga paji la uso. Ilikuwa mwili. Ulikuwa umesimama mbele yake siku nzima kwa wima, kutoka utosini hadi chini, naye alikuwa akimtafuta mlevi.

Kesho yake alikwenda saluni na maelezo ya kweli. Benchi lilijaa, gazeti likapita mkono kwa mkono, kila mtu akamgeukia. Aliwaambia ni mwili wa mtu, unashuka tangu kichwani hadi mguuni, ndiyo maana ya neno shuka. Kisha akawasha mashine.

Watu walikaa wakingoja.

"Halafu?" fundi saa aliuliza.

"Halafu basi. Ndiyo hiyo."

"Hiyo ndiyo ya kweli?"

"Ya kweli."

Fundi saa alijipapasa upara, akawatazama wenzake. "Sikujua kama kweli ni fupi namna hii," alisema. Alikaa kidogo, akakumbuka kuna saa ya mtu mezani kwake, akaondoka. Dereva wa pikipiki naye akaondoka. Kufikia saa tano benchi lilikuwa na mtu mmoja tu, na huyo alikuja kunyoa.

Baba Pacha alilipeleka jambo hilo nyumbani kama mtu anayepeleka saa iliyosimama kwa fundi. Ukikosea, watu wanajaa, alimwambia mama mkwe. Ukipatia, wanakwenda zao. Mama mkwe alicheka wazi, mpaka pacha wakaja kutazama. Kisha alimshauri asiwanyime watu chakula kwa sababu amepata maji. Awape yake kwanza, ndefu, na mlevi na kila kitu. Wakishashiba, awape ya kweli wateremshie.

Ushauri ule ulifaa. Benchi lilirudi, tena likaongezeka. Baba Pacha hakuficha kitu, aliwaambia wazi kwamba maelezo ya pili yanatoka kwa mama mkwe wake. Watu wakayapa majina. Kulikuwa na "ya kinyozi" na kulikuwa na "ya mkwe", na wengine walibashiri ya mkwe itakuwaje kabla haijasemwa. Fundi saa alipatia mara moja, akatembea siku nzima kama aliyepewa cheo. Nyumbani nako mambo yalifunguka. Fumbo likiisha, mazungumzo hayakuisha. Mama mkwe alimsimulia usiku wa mvua aliowahi kuitwa kwa mama mzazi, akafika amepanda trekta. Baba Pacha alimsimulia kichwa cha kwanza alichokinyoa maishani, cha mdogo wake, na jinsi walivyolazimika kumvisha kofia mpaka likizo iishe. Nesi akirudi kutoka zamu aliwakuta wanabishana kuhusu neno, akapita kimyakimya kwenda jikoni, asiwakatishe.

Wakati plasta ilipotolewa na mama mkwe akaanza kutembea na fimbo, Baba Pacha alipatwa na mafua. Yalianza puani, yakamshukia kooni, na asubuhi moja akafungua mdomo kuwaamkia watu, ukatoka upepo mtupu. Mke wake alimpeleka zahanati. Daktari alimchungulia koo na kumwamuru asiseme neno mpaka sauti irudi yenyewe, hata kunong'ona asinong'one. Kufanya kazi ruksa. Mke wake aliandika "Sauti imekatika, kunyoa kunaendelea" kwenye kipande cha kadibodi, akakining'iniza kwenye kioo.

Alinyoa siku ya kwanza kwa ukimya. Vichwa vilitoka vizuri kuliko kawaida na kwa haraka kuliko kawaida, na hakuna aliyefurahi. Watu walikaa kwenye benchi wakimtazama kwa huruma. Alijaribu kueleza fumbo kwa mikono, wakadhani ana maumivu, wakamletea kiti. Jioni alirudi nyumbani amenywea.

Asubuhi iliyofuata nesi alikuwa na zamu ya mchana. Alimwambia mama yake kwamba mguu unahitaji mazoezi, na saluni haiko mbali. Mama mkwe alijua anapelekwa wapi na kwa nini. Alisema haifai, mama mkwe kwenda kukaa katika kibanda cha wanaume wa watu wanaonyolewa ndevu. Alisema hivyo huku anavaa viatu.

Walipoingia, benchi lote lilisimama. Wanaume walioegemeana kama magunia walinyooka, wakafunga vifungo vya mashati, wakaamkia kwa pamoja kama darasa. Dereva wa pikipiki alipangusa sehemu ya kati ya benchi kwa mkono wa shati lake. Mama mkwe akaketishwa pale, fimbo kati ya magoti, mkoba mapajani. Baba Pacha alibaki na kitana mkononi, hajui aendelee kunyoa au akae kando kwa heshima.

Fundi saa ndiye aliyethubutu. Alilichukua gazeti rafuni, ambalo Baba Pacha alikuwa ameshalijaza, akasema Mama kama hatajali, fumbo la leo halijaelezwa na watu wana kiu. Akasoma maneno ya mada, sauti yake ikiwa ya adabu kama anasoma risala: SIMAMA. BABAIKA. KAKAKUONA. DADAVUA. MWANASESERE. Neno la katikati lilikuwa FAMILIA, na kidokezo chake, "Wamo humu ndani wote."

Mama mkwe alifumba macho. Aliomba yasomwe tena, yakasomwa. Akatikisa kichwa.

"Leo silioni," alisema. "Limekaa vibaya. Lakini kuna ya kinyozi, na hiyo haiwezi kukosekana kwa sababu ya koo. Mkwe wangu angekuwa na sauti, nadhani angesema hivi."

Akaanza. Alisema kulikuwa na kakakuona aliyekuwa na familia, na mke wake alimtuma dukani kuwanunulia watoto mwanasesere. Alipofika dukani muuzaji akamwambia, simama hapo, wewe ni nani? Kakakuona hajawahi kuulizwa swali hilo, akababaika, akajikunja akawa mpira. Muuzaji akadhani ni mpira kweli, akampandisha rafuni. Hapo mama mkwe alinyamaza, akainua fimbo hewani, kama vile Baba Pacha alivyozoea kuinua mashine, na aliiacha hapo juu mpaka fundi saa akauliza kwa pumzi, ikawaje? Ikawa, alisema, mteja akaja akamnunua kwa ajili ya mtoto wake, akamfikisha nyumbani, mtoto akamdadavua amtazame ndani kuna nini, akakuta baba wa watu, amekasirika, ana orodha ya vitu vya kununua.

Saluni ilipasuka. Dereva wa pikipiki alitoka nje kucheka, akarudi, akatoka tena. Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka shingoni. Baba Pacha alicheka pia, lakini bila sauti yoyote, mdomo wazi, machozi yanamtoka, amejishika kwenye kile kiti kisichozunguka. Hajawahi kujisikia akisimuliwa hivyo. Mikono ilikuwa yake, vituo vilikuwa vyake, na kisa kilikuwa kizuri kuliko vyake vyote.

Alipopangusa macho ndipo alipoyaona maneno kwenye gazeti, lililokuwa limeachwa wazi mbele ya kioo. Pengine ni kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa na kazi ya kuyatungia kisa. Aliyatazama tu. Alilichukua, akachukua kalamu, akaanza kuzungushia herufi. Katika SIMAMA alizungushia nne za mwisho. Katika BABAIKA nne za mwanzo. Katika KAKAKUONA, katika DADAVUA, katika MWANASESERE. Kisha alilipeleka kwa mama mkwe, akapiga goti moja mbele yake ili alisogeze vizuri, akaliweka juu ya mkoba wake. Mama mkwe hakuona herufi, akamwomba fundi saa amsomee zilizozungushiwa.

"Mama," fundi saa alisoma. "Baba. Kaka. Dada. Mwana." Akasita. "Familia. Wamo humu ndani."

Minong'ono ilipita kwenye benchi, ile ya watu waliopewa kitu kitamu wasichokitarajia. Mama mkwe alimtazama mkwe wake.

"Umepata," alisema. "Na mimi nimekosa. Haya, sasa tuko sawa."

Dereva wa pikipiki, aliyekuwa amerudi ndani kwa mara ya mwisho, aliuliza kwa nia njema kabisa mbona mkwe hamo kwenye maneno yale, wakati naye ni familia.

"Mkwe hana haja ya kujificha," mama mkwe alimjibu. "Huyu hapa anawanyoa."

Sauti ya Baba Pacha ilirudi kidogo kidogo, kwanza kama bawaba ya mlango, halafu kama yake. Siku zote hizo mama mkwe alikwenda saluni asubuhi na fimbo yake, akakaa mahali pale pa kati, akatoa ya kinyozi. Baba Pacha alitoa ya mkwe kwa kalamu. Mara mbili tatu alikosa, wakakosa wote, benchi likakaa na fumbo mpaka jioni. Sauti ilipotengemaa kabisa, kila mtu alirudi kwenye nafasi yake, lakini si kabisa. Walikuwa wameonja.

Mguu nao ukapona. Mama mkwe alikuwa na nyumba yake, kuku wake, na wanawake wa jirani ambao nusu ya watoto wao waliingia duniani kwa mikono yake, na hakuficha kwamba anakumbuka kwake. Kaka wa nesi alikuja na gari kumchukua. Mizigo ilipakiwa, wajukuu walibusiwa, nesi aliagizwa ale vizuri. Baba Pacha alisimama karibu na mlango wa gari, na ile heshima ya zamani ikamrudia yote kwa mkupuo. Alisema safari njema, Mama. Alisema asante, Mama.

Mama mkwe aliingiza fimbo ndani ya gari, kisha akatoa kichwa dirishani. "Baba," alisema, "usije ukaanza kupatia peke yako. Nipigie."

Alimpigia asubuhi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Simu iliwekwa kwenye rafu kati ya poda na spiriti, sauti ikafunguliwa, na benchi lote likaamkia, "Shikamoo Mama," naye akaitikia kwa wote. Fumbo likasomwa, ya kinyozi ikatolewa, ya mkwe ikangojewa kutoka mbali kwa makini, hasa mtandao ukisumbua, maana mara nyingine kweli ilifika nusu na watu wakalazimika kuimalizia wenyewe. Haukupita muda mrefu simu ikaanza kupigwa kutoka upande wa pili. Wanawake wa jirani walikuwa wamesikia kicheko, wakaja kuuliza kuna nini, wakaketi barazani, na sasa huko nako kulikuwa na benchi. Mama mkwe aliripoti kwa masikitiko kidogo kwamba kweli yake wanaipenda, wanaitikia vizuri, lakini wanachokuja kusikia ni ya kinyozi, na wamemtaka aulize yule seremala mwenye shuka aliishia wapi.

Shule zilipofungwa, Baba Pacha alifunga saluni, akamkabidhi fundi saa ufunguo na onyo asijaribu kumnyoa mtu, akasafiri na mke na watoto kwenda kumsalimu mama mkwe. Walifika mchana, wamechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Barazani wanawake walikuwa wameshakaa, wengine na vitoto mgongoni, na katikati yao palikuwa na kiti kitupu. Gazeti la siku lilikuwa juu ya kiti hicho, limekunjwa, halijaguswa. Mama mkwe alieleza kwamba tangu asubuhi amemkataza mtu yeyote asilifungue mpaka mkwe wake afike, anawe, na ale.

Baba Pacha alinawa. Aliletewa chakula kingi, kilichopikwa kwa upendo, na kwa heshima zote alipaswa kukila taratibu na kuongezewa. Alikila kama mtu anayekimbilia basi.